Mgonjwa Wetu wa Mazoezi

Kazi yake ilikuwa kuumwa, na aliifanya kwa bidii ambayo sijaiona kwa watu wengi wenye kazi za heshima kuliko hiyo. Siku ya kozi alifika mjini Morogoro na gari la kwanza kutoka kijijini Kinole, kitenge amekifunga juu ya gauni, mkononi kikapu cha ndizi na vifurushi vya mdalasini alivyokwisha kuwaahidi watu. Alisalimia kila mtu, mlinzi kwanza. Kisha alikunywa chai ya rangi akiwa amesimama, akajifuta mdomo, akatuuliza: "Haya, leo naumwa nini?"

Pale kituoni tulimwita Mama Mgonjwa. Jina lake nilikuwa naliona kwenye karatasi za ofisi, lakini sidhani kama kuna aliyelitumia. Tulikuwa tunawafundisha manesi na matabibu wa zahanati kupima dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, na kabla ya kuwaruhusu kumgusa mwanamke wa kweli tuliwataka wapite kwake. Yeye alilala kitandani na nguo zake zote. Katikati ya mapaja yake tuliweka sanamu ya nyonga ya plastiki, tukafunika vyote kwa kitenge chake, na aliyeingia mlangoni aliona mwanamke mmoja mzima anayesubiri kupimwa. Chini mwanafunzi alihangaika na plastiki, lakini juu alikuwa na mtu mwenye macho, mdomo na aibu.

Plastiki haiumii, ila yeye alijua ilipoumia. Mkono wa kushoto aliupitisha chini ya kitenge, kiganja akakibana nyuma ya sanamu, na mwanafunzi akisukuma spekulamu, kile chuma cha kufungulia njia ya uzazi, kwa nguvu, mkono ule ulipata habari kabla yetu. "Uwii! Mwanangu, unafungua kopo?" Kijana wa watu anatoka jasho, chuma kinaanguka, sisi wakufunzi tunajifanya tunaandika. Hakuna aliyemfundisha ujanja ule wa mkono. Siku ya kwanza aliwaambia wakufunzi hawezi kulia kwa kubahatisha, akatafuta mwenyewe namna ya kulia kwa haki.

Aliyemleta, kabla mimi sijafika kituoni, alikuwa mkufunzi mmoja wa zamani, mtu wa parokia ileile, aliyemwona katika igizo la Ijumaa Kuu akiwa miongoni mwa wale wanawake wanaolia njiani. Wanasema alilia mpaka mzee mmoja pembeni akatoa leso yake akampa, naye akaipokea, akapenga kamasi, akaendelea. Mkufunzi huyo alirudi mjini akawaambia wenzake amewapatia mgonjwa. Walikuwa wamezoea kulazana wenyewe kwa wenyewe, nesi anampima nesi, na nesi akilala kitandani anajua kila kitu, haogopi chochote, hana faida kwa mtu. Wakasema aletwe wamwone.

Alikuja na swali moja, kama ni dhambi. Alikwisha kumuuliza padri, na hadithi hiyo nimeisikia kutoka kwake kwa namna tatu tofauti, kwa hiyo ninaandika ile niliyoipenda. Padri alitaka kujua kama hao manesi wanafahamu kuwa ni maigizo. Akajibu wanafahamu. Padri akasema basi huo si uongo. "Na wakilia je, baba?" Padri akafikiri, akasema wakilia awanyamazishe. Na kweli, tulikuwa na wanafunzi waliolia, na yeye aliinuka kitandani na sanamu yake mapajani kuwabembeleza.

Karatasi tulizompa hakuzipenda. Tuliandika nusu ukurasa: umri, idadi ya watoto, dalili. Alimwomba mtu amsomee, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mume yuko wapi. "Mwanamke gani anakuja kliniki bila kumwacha mtu nyumbani? Nani anachunga uji?" Akaanza kujaza mwenyewe. Walizaliwa wanawake pale kitandani ambao mpaka leo ninawafahamu kuliko baadhi ya shangazi zangu. Kulikuwa na mke wa mhadhiri wa Mzumbe, mwenye kujibu kila swali kwa Kiingereza cha maneno matatu na kutaka kujua nesi amesoma wapi. Kulikuwa na muuza nyanya aliyeacha tenga zake juani sokoni, akihesabu dakika kwa sauti. Na yule mpole kabisa, mkulima wa kabichi wa huko juu milimani, ambaye jirani alimwambia kwamba wanaopima wanang'oa kizazi na kukipeleka Ulaya. Huyo alishika magoti yake na hakuyaachia mpaka aambiwe kila kitu, polepole, kwa heshima. Wiki ikiisha alituuliza habari zao. "Yule wa nyanya mmempa tarehe ya kurudi?" Tukimwambia hakuna mtu kama huyo, alikasirika kidogo.

Mimi mwenyewe nilipita kwake kabla sijawa mkufunzi. Nilikuwa nesi mwenye cheti kipya na kiburi kingi, nimezalisha wanawake vijijini, nikajiona nimeshayajua mambo ya wanawake. Nilimpima yule mke wa mhadhiri. Nilipomaliza nilitegemea kupongezwa, kwa sababu sanamu niliiona vizuri, siki, ambayo kwa mwanamke wa kweli hugeuza sehemu yenye dalili kuwa nyeupe, niliipaka, dakika nzima niliisubiri, na sehemu nyeupe niliitaja mahali ilipo. Mama Mgonjwa akakaa kitako, akajifunga kitenge chake.

"Mkono wako mzuri," akasema. "Ila umeniambia nilegeze mara nne. Wewe ulishawahi kumwona mtu akalegea kwa kuamriwa?"

Nikasema hapana, mama.

"Basi usiamrishe. Niulize habari za watoto. Nikiwataja, nitalegea mwenyewe."

Nimewafundisha hivyo wanafunzi wangu wote, na sijawahi kuwaambia somo hilo nililitoa wapi. Alikuwa na uwezo huo wa kukusuta ukabaki unampenda. Kuna tabibu mmoja, mwanaume mkubwa mwenye sauti ya kwaya, ambaye Mama Mgonjwa alimwambia kwamba amempima kwa mikono ya mtu anayeshika yai lakini anaongea kama anayefukuza ng'ombe, na yule bwana alirudi mwaka uliofuata na mkungu wa ndizi kumshukuru, akasahau kwamba ndizi anamrudishia mtu wa Kinole.

Siki ya mazoezi yeye ndiye aliyeinunua. Tulimpa kazi hiyo kwa sababu alipita mjini akitoka kituo cha magari, na alikuwa na duka lake, la mama mmoja wa Kihindi aliyeuza viungo na kununua mdalasini wake. Chupa nne, tano, kila kozi. Yule mama siku moja hakuvumilia akamuuliza ni achari gani hiyo anayotengeneza isiyoisha, na mbona hajawahi kuletewa hata kijiko aonje. Mama Mgonjwa akaegemea kaunta akamweleza. Alimweleza yote, siki inapakwa wapi, inasubiriwa kwa muda gani, na ikigeuka nyeupe maana yake nini, huku wateja wanaume wakijifanya wanachagua bizari. Wiki ileile mama wa duka alikuja kliniki na wakwe zake wawili. Tangu hapo tukawa tunapata siki bila ya kuvutana bei, na Mama Mgonjwa akasema mteja wa aina hiyo hatumpati kwa mabango.

Msije mkadhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na mdomo, na nyumbani kwao hakuwa na subira hata robo ya ile aliyotudai sisi. Dada yake akikohoa alimwambia anajikoholesha. Shamba la mdalasini alilolipata upande wa mama yake alilichunga kwa ukali, na mtoto akipita na jani mkononi aliulizwa. Dawa za hospitali hakuziamini. Mafua alijitibu kwa tangawizi, tumbo kwa majani ya mpera, kichwa kwa kulala. Mtu aliyekuwa anatufundisha tuwasihi wanawake waje kliniki mapema alikuwa mwenyewe hafiki kliniki mpaka abebwe.

Na hapo ndipo palipo na jambo ambalo siwezi kulizunguka tena. Mwanamke huyu aliyelala kwenye kile kitanda kozi baada ya kozi, ambaye mikononi mwake walipita karibu wapimaji wote tulionao, hakuwahi kupimwa hata siku moja. Tulijua. Kila kundi jipya alikuwepo mmoja wa kuuliza: "Na wewe mama, ulishapima?" Akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema: "Mimi? Mimi nimepimwa kuliko mwanamke yeyote wa Morogoro." Darasa likacheka, mimi nikacheka, tukaendelea na ratiba. Alipoanza nasi alikuwa bado ndani ya umri wa wanawake tunaowaita waje kupima. Akatoka nje ya umri huo mbele ya macho yetu, mwaka hadi mwaka, akiwa amelala kitandani petu, na hakuna kati yetu aliyemwambia asubuhi moja asivae ile plastiki, ashuke aje chumba cha pili. Ninasema hakuna, na maana yangu ni mimi. Wenzangu walihama, wengine walistaafu, mimi nilibaki.

Sasa niseme siku niliyomkatiza.

Ilikuwa Jumatatu, kozi ya wanafunzi sita. Utaratibu wetu ni kwamba kila siku ina mgonjwa wake: Jumatatu ni mwanamke asiye na dalili yoyote, ameshawishiwa na jirani, ili wanafunzi wajifunze kwanza mazungumzo na kutuliza hofu. Mwenye damu anakuja Alhamisi, wakishazoea. Mimi nilikaa kwenye kiti changu upande wa miguu, cheklisti gotini, na kila hatua niliiwekea alama ya vema au ya kosa. Saa ilikuwa inakaribia sita, na wanafunzi wawili walikuwa hawajapata zamu bado.

Aliyekuwa zamu ni binti mpole kutoka zahanati moja ya bondeni. Akasalimia vizuri, akaeleza vizuri, akafika kwenye swali: "Mama, umewahi kuona damu isiyo ya kawaida?"

 Mama Mgonjwa alikuwa anatazama dari.

"Naiona," akasema. "Tangu Kwaresima. Hedhi niliacha zamani, nikajua nimemaliza, sasa imerudi. Na ina harufu kidogo."

Binti akatazama karatasi yake, hakuona kitu kama hicho. Akanitazama mimi.

Nikainua kalamu. "Mama," nikasema, "leo huna dalili. Hiyo ni ya Alhamisi."

Wanafunzi wakacheka. Na yeye akacheka. "Ee, nimechanganya," akasema. "Endelea mwanangu, mimi sina kitu." Akampa yule binti jirani mmoja mwenye umbea na mume fundi baiskeli, mazoezi yakaenda mpaka mwisho, na saa sita na nusu tulikuwa mezani tunakula wali maharage. Alhamisi alipotakiwa kuumwa damu, alimleta muuza nyanya, akafoka, akatuchekesha mpaka machozi. Kwenye karatasi ya Alhamisi damu hutoka baada ya kukutana na mume. Ya Kwaresima haikutajwa tena.

Kozi iliyofuata hakuja. Alituma ujumbe kwamba wanamenya mdalasini. Iliyofuata tena, barabara ilikuwa imekatwa na mvua, na hilo lilikuwa kweli, magari ya Kinole yalilala njiani siku mbili. Tukamtafuta mama mwingine, mzuri tu, anayelia pale karatasi inapomwambia alie. Nikamkumbuka wa kwetu kwa namna mtu anavyomkumbuka mwenzake aliyekwenda likizo.

Mwisho wa mwaka tunapanga makaratasi. Nilikuwa nafunga mafaili, cheklisti baada ya cheklisti, na ile ya binti wa bondeni ikanifikia mkononi. Kwenye nafasi ya maoni, pale ambapo wengi huandika "mgonjwa ametoa ushirikiano", yeye alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo: Mgonjwa anasema anatokwa damu tangu Kwaresima. Alishakoma hedhi. Harufu. Mkufunzi amesema si ya leo. Yule binti aliandika alichokisikia, kama tulivyomfundisha. Nililaza kichwa juu ya faili nikalia peke yangu ofisini, na asubuhi yake nilikuwa njiani kwenda Kinole.

Nilimkuta uani, amekaa upande mmoja wa mkeka, magome ya mdalasini yameanikwa mbele yake. Alikuwa amepungua. Kitenge kilikuwa kilekile, lakini kilimzunguka mara moja na nusu zaidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepita na njia hii, na tope lote hili?"

Dada yake alileta kiti akaturudia na machungwa, akaona nyuso zetu, akaenda zake jikoni. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. 

"Damu imekata?" nikauliza.

Alichukua gome moja, akaligeuza likaukie upande wa pili. "Ipi? Ya Jumatatu au ya Alhamisi?"

"Ya Jumatatu."

"Haijakata."

 Ukungu ulikuwa unashuka mlimani, na majirani walikuwa wanaitana huko chini kwenye migomba. Nikamwomba msamaha kwa maneno ambayo siyakumbuki, na sikuyamaliza vizuri. Hakunisaidia wala hakunizuia. Nilipotulia nikamuuliza kwa nini hakwenda kupimwa mahali pengine popote, yeye anayejua yote haya.

"Kwa nani?" akasema. "Hapa zahanati yupo mwanangu. Mkuyuni yupo mwanangu. Mjini ni nyinyi. Nimewaambia wote mniite mama, na mmeniita. Sasa mama mtu anajilazaje mbele ya watoto wake? Kwetu huku haijawa hivyo."

"Pale kituoni ulikuwa unalala."

"Pale nilikuwa nimevaa." Akanitazama. "Na aliyekuwa analala pale alikuwa mwanamke wa nyanya. Siyo mimi."

Nikamwambia nitamleta mgeni, nesi wa mbali asiyemjua, atoke Dodoma au popote, aje siku moja na arudi kwao. Alilifikiria hilo kwa haki. Aliwafikiria na wengine, mmoja mmoja kwa majina yao, na kila mmoja alikuwa na la kusema: huyu ana haraka, huyu ataanza kulia yeye, huyu atakwenda kumwambia mama yake. Mgeni naye alimkataa. Alisema hana nguvu za kuanza na mgeni.

"Wewe ndiye uliyenikatiza," akasema mwishoni. "Malizia wewe."

Nesi wa zahanati ya kijiji, mwanafunzi wetu kama alivyosema, alinipa ufunguo wa chumba bila kuuliza swali na akatoka kwenda kukaa nje na wagonjwa wake. Nimefanya kipimo kile mara zisizo na hesabu. Nimewasahihisha watu wazima wanavyoshika chuma. Siku ile vidole vyangu vilikuwa vya mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nilipasha spekulamu kwa maji ya moto, nikamweleza kila ninachotaka kufanya, naye akaugeuza uso wake ukutani. Hakutoa sauti hata moja. Nilimwomba aniambie ikiuma. Akasema, "Fanya tu, mwanangu." Nilikuwa nimemsikia akipiga kelele kwa ajili ya plastiki kwa miaka mingi kiasi kwamba ule ukimya ulinitisha kuliko nilichokuwa nakitafuta.

Siki haikuhitajika. Nilikiona kwa macho.

Nilimfunika, nikamsaidia kukaa. Kuna somo la nusu siku ninalolifundisha kuhusu namna ya kumpa mtu habari kama hiyo, lina hatua zake na maneno yake. Sikutumia hata moja.

"Sema," akaniambia.

"Mama, nimeona kidonda. Ni kikubwa. Kinataka Dar, si Morogoro."

"Kitapona?"

"Sijui."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia bei aliyoitegemea. Aliniomba nimtazame dada yake asije akaanza kilio kabla hajafunga mizigo.

Hatukupanda basi pale stendi ya Msamvu, kwa sababu mabasi yana vituo vyao na yeye alihitaji choo kila mara. Tulikwenda na treni ya umeme, akakaa dirishani, akashangaa jinsi milima inavyorudi nyuma haraka bila kelele. Alikaa kwa mpwa wake wiki nyingi, akapigwa mionzi, akatapika, akakasirika, akamsimanga mpwa kwa kupika wali mgumu. Daktari aliyemhudumia alinieleza kwa upole kwenye korido kwamba matibabu yanakwenda vizuri, ila angekuja miezi ile ya mwanzo wangekuwa na mengi zaidi ya kufanya. Hakujua anamwambia nani. Nilimshukuru, nikashuka ngazi.

Amerudi Kinole. Anachoka upesi, ngozi ya kiuno imekuwa nyeusi, na kila miezi mitatu anakwenda kuangaliwa. Madaktari hawajamwahidi kitu, na yeye hajawauliza mara mbili. Mdalasini anamenya akiwa amekaa kwenye mto.

Mwezi uliopita tulikuwa na kozi. Sikumwita. Asubuhi ya Jumatatu niliingia darasani nikamkuta amekwisha kuketi kwenye kiti karibu na kitanda, gauni la kanisani, kilemba kipya, anawauliza wanafunzi makwao. Mlinzi ndiye aliyemfungulia. Sanamu ya nyonga ilikuwa mezani, na mama yule mwingine alikuwa anasubiri nje na chai yake. Nikamsogelea nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba asijichoshe.

"Leo siigizi," akasema. "Nimekuja kuwaambia. Na wewe kaa pale unapokaaga."

Nikaenda nikakaa kwenye kiti changu upande wa miguu. Akawaeleza kutoka mwanzo. Hakulia wala hakubadilisha sauti, na hakumweka mume wala jirani wa kubuni. Aliwaambia habari ya damu na ya harufu, na jinsi alivyoona haya kuwaendea watoto wake mwenyewe. Kisha akawaambia kwamba alilisema, humuhumu, kwenye kitanda hiki, na aliyekuwa amekaa kwenye kile kiti alimwambia hiyo ni ya Alhamisi. Wanafunzi wote wakageuka kunitazama. Sikuwa na karatasi ya kuinamia.

"Na nilipokatizwa nilifurahi," akaongeza. "Nisiwafiche. Nilijiambia, basi, nimeshasema, wao ndio hawakutaka. Nikaenda nyumbani na amani ya bure."

 Halafu tabibu mmoja kijana, aliyekaa karibu na dirisha, akanyoosha mkono. Alikuwa na wasiwasi wa kukosa adabu, lakini swali lilikuwa limeshamfika mdomoni.

"Samahani mama," akasema. "Kwa nini hukusema mara ya pili?"

Mama Mgonjwa akafungua mdomo kumjibu. Kisha akaufunga, akanigeukia mimi, akasubiri.

Nikasimama. "Hakuwa na haja ya kusema mara ya pili," nikawaambia. "Mara ya kwanza nilimsikia."